TARAKILISHI INAYOWAKA IPENDAPO

Na mwanachama, Kidato cha 3

Katika jarida letu mmezoea kusoma insha, mashairi na vitendawili. Mwaka huu nimeomba nafasi nilete somo la ufundi, na nilete kwa Kiswahili, maanake mambo ya tarakilishi tukiyaachia Kiingereza peke yake, wazazi wetu wataendelea kuambiwa lolote mjini nao watalipa bila kuuliza.

Somo lenyewe ni tarakilishi ya nyumbani ambayo leo inawaka, kesho inakataa, keshokutwa inawaka baada ya kubonyezwa mara sita. Sizungumzii ile iliyokufa kabisa. Iliyokufa ni rahisi: ukibadilisha kifaa kimoja ikawaka, umepata ugonjwa. Hii nyingine ni kiberenge. Unabadilisha kifaa, inawaka, unashangilia, unalipa, kisha baada ya siku mbili inakataa tena. Je, ilikuwa imepona? La hasha! Iliwaka kwa sababu hiyo ilikuwa siku yake ya kuwaka.

Kwanza neno juu ya maneno. Mlezi wa chama chetu anataka tuseme tarakilishi, nami nitasema hivyo. Lakini ukienda kwa fundi ukamwambia bodi kuu ina hitilafu, atakutazama tu. Yeye anasema mazabodi. Kisanduku cha chuma kilicho nyuma, pale unapochomeka waya wa ukutani, hukiita pawasaplai. Vibao vyembamba vya kumbukumbu huviita ramu. Nitayatumia maneno ya mafundi kwa sababu ndiyo mtakayoyasikia dukani.

KITUFE HAKIPITISHI STIMA

Watu wengi hudhani kwamba ukibonyeza kitufe cha mbele, stima hupita pale na kuingia ndani kama inavyopita kwenye swichi ya taa. Zamani ilikuwa hivyo kweli. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na swichi kubwa iliyokata na kuunganisha stima yenyewe. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpango mpya wa kuunda tarakilishi, unaoitwa ATX, na katika mpango huo kitufe hakipitishi stima hata kidogo. Kinaomba tu.

Sasa fuateni safari yenyewe polepole. Unapowasha soketi ya ukutani, pawasaplai huamka nusu. Ndani yake kuna sakiti ndogo isiyolala, ambayo hutoa volti 5 kupitia waya wa zambarau hata kama tarakilishi imezimwa. Hiyo volti 5 ndiyo inayoifanya mazabodi iwe na masikio. Ukibonyeza kitufe, mazabodi husikia, nayo huushusha waya wa kijani hadi karibu na sifuri. Pawasaplai ikiona waya wa kijani umeshuka, huwasha sakiti kubwa na kuanza kutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3.

Hapo bado safari haijaanza. Pawasaplai hujipima kwanza. Ikiridhika kwamba umeme umetulia, baada ya muda wa kati ya sehemu 1 na sehemu 5 za kumi za sekunde, hupeleka ishara kwenye waya wa kijivu. Prosesa, yaani ubongo, haianzi kufikiri mpaka ishara hiyo ifike. Ni kama dereva wa matatu: injini inanguruma, abiria wamekaa, lakini gari haliondoki mpaka makanga agonge ubavu wa gari. Makanga asipogonga, utaona feni zinazunguka na taa zinawaka lakini kiwambo ni giza totoro.

Makanga akigonga, prosesa husoma maagizo yaliyo katika chipu ya BIOS, ambayo siku hizi ni ya aina mpya inayoitwa UEFI. Hukagua ramu, kadi ya picha na kibodi, kisha hutafuta diski, kisha huikabidhi kazi Windows au Linux. Yote haya ni sekunde chache.

Mbona nimewachosha na habari hizi za waya? Kwa sababu swali la kuuliza si "mbona haiwaki?" Swali ni "imefika wapi?" Tarakilishi isiyowasha hata taa haijafika popote, na kuitafutia virusi ni kama kumpaka mafuta ya kifua mtu aliyevunjika mguu. Nimemwona mtu akiweka Windows upya mara mbili kwenye mashine ambayo shida yake ilikuwa waya wa ekstensheni.

IMEFIKA WAPI?

Ikiwa hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti, ugonjwa uko mwanzoni kabisa: soketi, ekstensheni, waya, swichi ndogo iliyo nyuma ya pawasaplai, pawasaplai yenyewe, au kitufe. Chomeka taa ya mezani katika soketi ileile uone. Badilisha waya, maanake waya wa tarakilishi na ule wa kiwambo aghalabu ni wa namna moja, kwa hivyo unaweza kuvipisha bila kununua chochote.

Ikiwa feni zinazunguka lakini kiwambo hakionyeshi kitu, angalia kwanza kama kiwambo chenyewe kina stima na kama waya wake umechomekwa mahali panapofaa. Mashine iliyoongezewa kadi ya picha ina matundu mawili, moja kwenye mazabodi na jingine kwenye kadi, na mara nyingi lile la kwanza huwa limenyamazishwa. Baada ya hapo shuku ramu. Sikiliza pia. Mashine nyingi hulia bipu, au humulika taa ya kitufe, na idadi ya milio ina maana. Katika HP nyingi za ofisini za miaka iliyopita, taa nyekundu ikimulika mara 5 kwa milio 5 ni ramu, mara 4 ni umeme, mara 2 ni joto la prosesa. Dell OptiPlex nyingi zina kidude kidogo cha kubonyeza nyuma ya pawasaplai, na kando yake kijitaa. Ukikibonyeza na kijitaa kikawaka, pawasaplai inajitangaza kuwa nzima, ingawa mimi binafsi siamini sana mgonjwa anayejipima mwenyewe. Kila kampuni ina hesabu yake ya bipu, kwa hivyo usichukue ya HP ukaitumia kwa nyingine.

Ikiwa imefika hadi alama ya Windows kisha ikarudi mwanzo, pawasaplai na ramu hazijasamehewa, lakini sasa diski na Windows yenyewe zimeingia katika orodha ya washukiwa. Hapo usicheze. Ukisikia diski ya zamani ikigonga ko, ko, ko, acha kila kitu.

Na hili ni la wote: siku itakapokubali kuwaka, usianze kuchunguza. Nakili kwanza. Weka kwenye flashi kila kitu usichoweza kukipata tena, halafu ndipo uendelee na utabibu.

DAFTARI

Kifaa cha kwanza cha kutibu tarakilishi ya namna hii hakipatikani dukani kwa fundi. Ni daftari na kalamu. Najua mtacheka. Lakini ugonjwa unaokuja na kuondoka hauwezi kuonekana kwa jicho la siku moja. Unaonekana ukipangwa kwenye karatasi.

Chora safu tano: tarehe na saa, imekaa bila kuwashwa kwa muda gani, soketi ya ukutani ilikuwa imezimwa au la, ilifanya nini ulipobonyeza, iliwaka katika jaribio la ngapi. Andika hata siku ilipowaka vizuri. Hapo ndipo watu wengi hushindwa, maanake mtu hukumbuka kukasirika na husahau kufurahi. Bila siku nzuri huwezi kulinganisha na zile mbaya.

KISA CHA MAZABODI ILIYOKUFA

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, kwa kuwa ninazo tarakimu zake.

Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani. Michango yote, mikopo na faini huandikwa katika tarakilishi, kisha Desemba wanagawana. Ni mashine ya kuunganishwa kwa vipande, si mpya. Mwezi wa Julai ilianza kukataa asubuhi. Unabonyeza, taa inamulika mara moja na kuzimika, feni inajitikisa kidogo kisha inanyamaza. Unabonyeza tena na tena, baadaye inashika. Mama alikuwa akiitumia alfajiri kabla ya kwenda sokoni, na ilipokataa alikuwa akiandika mahesabu kwenye vikaratasi. Akina mama wenzake walianza kuuliza maswali. Pesa za watu si mchezo, wasomaji.

Ikapelekwa kwa fundi mjini. Akaibonyeza, ikakataa. Akabadilisha ramu, ikakataa. Akasema, "Mama, hii ni mazabodi. Imekufa. Lete elfu sita na mia tano."

Mama akamjibu, "Ikiwa imekufa, fundi, mbona jana jioni ilifufuka?"

Swali hilo la mama ndilo somo lote la leo. Mazabodi iliyokufa haifufuki kila jioni saa kumi na moja. Simwiti yule fundi mwizi. Yeye alikuwa nayo mezani dakika kumi, na katika dakika kumi hizo mashine ilikataa kweli. Sisi tulikuwa na asubuhi nyingi.

Mama akairudisha nyumbani, akatupa mimi na dada mwezi mmoja. Jioni hiyohiyo iliposhika, tulinakili hesabu zote za chama kwenye flashi mbili, moja mama akaifunga kwenye leso, nyingine ikaenda kwa mwenyekiti wao. Kuanzia hapo hata ingeteketea, chama kingegawana.

Tukaandika siku 14. Asubuhi 14, ilikataa jaribio la kwanza mara 10. Jioni 14, ilikataa mara 1 tu. Mtu wa haraka angesema: ni baridi ya Julai. Nami nusura nikubali, maanake asubuhi huku kwetu unatoa moshi mdomoni. Lakini dada alitazama safu ya soketi. Zile asubuhi 4 ilipowaka vizuri, mara 3 soketi ilikuwa imeachwa ikiwaka usiku kucha kwa kusahau. Na ile jioni 1 ilipokataa ilikuwa Jumapili. Tulizima soketi Jumamosi usiku, tukaenda kanisani, tukarudi, na haikuwashwa mpaka saa kumi na moja jioni. Jua lilikuwa limewaka siku nzima na bado ilikataa!

Basi saa za siku hazikuwa na maana. Baridi labda ilichangia, lakini haikuwa peke yake. Jambo lililofuatana na ugonjwa kila mara lilikuwa ni muda ambao pawasaplai imekaa bila stima kabisa.

Hapo tukawa na washukiwa wawili. Wa kwanza ni ramu, ambayo miguu yake ya dhahabu ikishika uchafu hushika na kuachia. Wa pili ni pawasaplai. Kanuni tuliyojiwekea ni moja: tubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha ramu na pawasaplai siku moja na mashine ikapona, utajua imepona lakini hutajua ulichofanya, na utatupa kifaa kizima.

Tulianza na ramu kwa sababu ni bure. Tulichomoa waya wa ukutani, tukashikilia kitufe kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe, tukagusa chuma cha kasha ili mikono yetu isiwe na umeme wa nguo. Tukatoa vibao vyote viwili, tukasugua miguu yake kidogo sana kwa ufutio mweupe na kupangusa vumbi la ufutio kwa kitambaa kikavu. Asubuhi 3 tulitumia kibao cha kwanza peke yake, asubuhi 3 cha pili peke yake, soketi ikizimwa kila usiku. Ilikataa asubuhi 5 kati ya 6. Ramu ikaachiliwa huru.

Jaribio la pili lilikuwa rahisi hata mtoto angelifanya. Usiku 6 mfululizo tuliacha soketi ikiwaka. Asubuhi zote 6 iliwaka mara ya kwanza. Kisha usiku 4 tukazima soketi: asubuhi zote 4 ikakataa. Lo! Sasa tulikuwa tunaweza kuuita ugonjwa na kuufukuza tukitaka.

Mwalimu wetu wa Fizikia alituazima mita ya kupimia umeme. Mpango wa ATX unaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani ile volti 5 ya waya wa zambarau isishuke chini ya 4.75. Asubuhi, mara tu baada ya kuwasha soketi, tulipata 4.1. Tukanywa chai. Baada ya kama robo saa ikawa 4.9. Kumbe mazabodi ya mama haikuwa imekufa. Ilikuwa kiziwi asubuhi, kwa sababu aliyepaswa kumpa masikio alikuwa mgonjwa.

Jaribio la mwisho: binamu yetu alituazima pawasaplai yake. Asubuhi 7, soketi ikizimwa kila usiku, iliwaka mara 7. Wengi wangeishia hapo. Sisi tulirudisha ile ya zamani, na kesho yake ikakataa, na siku iliyofuata pia. Kurudisha kifaa kibovu kunaonekana kama upuuzi, lakini ndiyo hatua ninayoiheshimu kuliko zote. Huenda kuchomekachomeka kwetu ndiko kulikosafisha mahali fulani penye kutu, na pawasaplai ya binamu ikapata sifa zisizo zake. Ugonjwa uliporudi pamoja na kifaa, hapakuwa na ubishi tena. Tulinunua pawasaplai iliyotumika kwa shilingi 1,800.

MBONA STIMA YA USIKU IPONYE?

Ndani ya pawasaplai kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo. Kazi yake ni kama tangi la maji la nyumbani. Mfereji wa mtaa hutoa maji kwa mikupuo, lakini ukiwa na tangi, bomba la jikoni hutiririka sawasawa. Kapasita za namna hii zina majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka kadiri miaka inavyopita na joto linavyozidi. Tangi hupungua. Yale kidogo yanayobaki hufanya kazi vibaya zaidi yakiwa baridi, na hupata nafuu yakipashwa moto. Soketi ikiachwa ikiwaka, ile sakiti isiyolala hujipasha moto usiku kucha. Soketi ikizimwa, asubuhi inaanza baridi.

Kapasita mbovu wakati mwingine hujionyesha kwa macho: kichwa chake huvimba au hutoa ute wa rangi ya kahawia. Tarakilishi nyingi zilizotengenezwa kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000 ziliharibika mapema kwa sababu viwanda vilipata kapasita zenye majimaji mabaya. Kwenye mazabodi unaweza kuzitazama kwa tochi. Kwenye pawasaplai usitazame.

Nasisitiza: USIFUNGUE PAWASAPLAI. Stima yetu ya Kenya ni volti 240, na ikishageuzwa ndani, kapasita kubwa hubeba volti 340 hivi au zaidi. Hubaki nazo kwa muda hata baada ya kuchomoa waya. Zile waya zinazotoka nje ni salama kupimwa, kilicho ndani ya kisanduku kinaua. Ikiwa ni mbovu, nunua nyingine.

Onyo jingine ni kwa wenye mashine za ofisini zinazoletwa kutoka Ulaya zikiwa zimetumika. Dell na HP nyingi hazifuati rangi na plagi za kawaida za ATX. Baadhi hutoa volti 12 pekee, na plagi zina matundu 6 au 8 badala ya 24. Usiseme "niliona kwenye jarida la Kiswahili kwamba waya wa kijani ni huu." Na pawasaplai ya jirani haitaingia, kwa hivyo tafuta ya aina ileile kabla ya kuanza kubadilishana.

MAGONJWA MENGINE KWA UFUPI

Betri ya mviringo kama sarafu, CR2032 ya volti 3, huiweka mashine ikumbuke saa na mipangilio. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila soketi inapozimwa. Mara nyingi haizuii kuwaka, lakini mashine nyingine husahau diski iliko. Ni bei ndogo na hata mafundi wa saa huwa nazo.

Joto lina daftari lake kinyume na letu: asubuhi huwaka vizuri, kisha huzima. Prosesa hujizima yenyewe ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi ili isiungue. Fungua kasha, puliza vumbi, hakikisha feni ya prosesa inazunguka.

Tena mjue kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima mashine kwa njia ya kawaida huenda isizime yote. Huweka sehemu ya kazi yake kwenye diski ili kesho iwake upesi. Sehemu hiyo ikiharibika, kila asubuhi unaamka na ugonjwa wa jana. Ukichagua kuwasha upya badala ya kuzima, huanza kwa ukurasa safi. Kwa hivyo ikiwa baada ya kuzimwa inasumbua, lakini ikiwashwa upya inatulia, shuku jambo hili kabla ya kushuku chuma.

ZOEZI

1. Tarakilishi ya shangazi huwaka vizuri, hufanya kazi dakika 20, kisha huzima ghafla. Ukiiwasha papo hapo hudumu dakika 2 tu. Ukingoja saa nzima, hudumu tena dakika 20. Andika safu utakazochora katika daftari lake na mshukiwa wako wa kwanza.

2. Feni zinazunguka, kiwambo ni giza. Ukiondoa kibao cha pili cha ramu, mashine inawaka. Ukikirudisha katika nafasi ileile, inakataa. Je, kibovu ni kibao au ni nafasi yake? Eleza jaribio moja, lisilogharimu hata senti, litakalotofautisha.

3. Jirani amebadilishiwa mazabodi na pawasaplai kwa siku moja. Mashine ikawaka siku 3, kisha ikakataa. Fundi anasema sasa ni diski. Mwandikie jirani barua fupi ya kirafiki kumshauri amuulize fundi maswali gani kabla ya kulipa.

Majibu yatiwe katika sanduku la chama, maktabani. Jibu la nambari 3 likiwa zuri litachapishwa mwakani.